Doa la Rangi ya Kucha

Injini ya ile ndege ndogo ya kuchezea ya rimoti ilizima mara ya tano. Ikiwa polepole ilinguruma vizuri, lakini kila nilipopandisha resi, ilikohoa mara moja, ikafa.

"Mafuta hayaitoshi, shemeji," nilimwambia Verna. "Hewa ya baridi ni nzito. Hii skrubu ya mafuta ilirekebishwa Julai, kukiwa na joto."

"Aliirekebisha yeye. Usiiguse."

Juu ya skrubu, lisilozidi punje ya mtama, palikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha. Mumewe alimwibia kichupa chake ili aifunge isilegee. Sasa majivu ya mumewe yalikuwa kwenye kikopo kilichofungwa chini ya bawa la ndege hiyo, yakisubiri kumwagwa juu ya uwanja huu aliorushia ndege zake miaka yote. Theluji ya kwanza ya Saskatchewan ilikuwa imeanza kudondoka. Betri ya kuwashia ilibakiza nguvu ya mara moja tu, pengine.

"Ikizima angani, itaangukia msituni pamoja naye."

"Angekuwepo angekuita fundi wa cherehani," alisema.

"Alikuwa akiniita hivyo hivyo."

Alininyang'anya bisibisi. Akaizungusha skrubu robo mzunguko. Rangi ikapasuka, ikabanduka.

Nikawasha. Nikapandisha resi polepole. Injini ikapanda bila kukohoa, laini, mpaka juu kabisa.

Nikageuka nimwambie. Verna alikuwa amepiga magoti, akipekuapekua nyasi kwa vidole vyote kumi, akikitafuta kile kigaga chekundu.