Mguu Umetulia

Asubuhi hiyo fundi cherehani aliamka akipiga mluzi. Kwa miezi mingi diski ya uti wa mgongo iliyoteleza ilikuwa ikimchoma mguu mmoja, kuanzia kiunoni hadi kisiginoni. Vidonge, mazoezi, hata sindano ya mgongo, vyote viligonga mwamba. Daktari akasema sasa kimebaki kisu.

"Si nilikwambia sipasuliwi?" alimwambia mkewe, akiketi kwenye cherehani. "Ona, mguu umetulia tuli. Kisu chao wakakatie vitunguu!"

Mkewe akacheka, kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau. Aliitua pasi ya mkaa sakafuni, kando ya cherehani, ili akunje sare za wateja.

Fundi akaanza kushona, akikanyaga pedeli kwa mguu mmoja, ule wa maradhi ameuegesha pembeni. Domo halikumtulia. Atarudi kushona suti. Atamshonea mama watoto gauni la kuwanyamazisha majirani.

Mkewe akanusa. "Nini kinaungua?"

Fundi akakikagua kitambaa. Hakikuwa na doa.

Mkewe akainama. Kisigino cha mumewe kilikuwa kimeegemea pasi, ngozi imejikunja, inafuka moshi mwembamba.

"Toa mguu, baba! Mguu!"

"Mguu gani?" aliuliza fundi, bado anatabasamu.