Wasuluhishi Walionuniana

Haya kanisimulia mpwa wangu juzi, tukimenya vitunguu. Yeye ni dereva wa jumuiya ya mataifa, ile inayoamulia nchi zikigombana, na siku ya mkasa huu alikuwa amekaa mlangoni mwa ukumbi wa mazungumzo akisubiri abiria wake.

"Mwambie huyo, waanze wao kufungua geti lao la daraja!" mjumbe mnene alifoka.

Huyo mwenyewe, mjumbe mwembamba wa nchi ya pili, alikuwa ng'ambo ya meza tu. Lakini nchi zao zilikuwa zimeapa kutosemeshana. Basi neno la mnene likapokewa na Bi Miwani, msuluhishi wa jumuiya kwa upande wake. Bi Miwani akampa Bi Kilemba, msuluhishi wa upande wa pili, naye ndiye akamfikishia mwembamba. Jibu likarudi njia ileile, limepoa kama chai ya jana:

"Anasema muanze nyinyi."

Mnene alifoka tena, lakini moyo ulikuwa unamuuma. Binti yake aliolewa ng'ambo ya mto, na alikuwa amejifungua. Daraja likibaki hivi, mjukuu ataota meno babu hajambeba. Ila kulegea mbele ya watu wale, angeanzaje?

Mara Bi Kilemba akainuka, akafungua dirisha.

"Funga, vumbi linaingia," akasema Bi Miwani.

"Vumbi gani? Umezidi kudeka, bibi wewe!"

"Nani bibi yako? Nitolee balaa lako hapa!"

Wakageuziana migongo, midomo wameivuta mbele kama watoto walionyimwa sukari.

Mnene akasubiri, akasubiri. "Bi Miwani, mwambie mwenzako..."

"Sina mwenzangu humu."

Hakuna wa kupeleka neno. Mwembamba akakohoa. Mnene akaangalia dari.

"Sasa hawa," mwembamba akasema, kama anayeongea na meza, "tuwafanyeje?"

"Watu wazima ovyo," mnene akajibu, kiapo kimemtoka kichwani. "Wewe bembeleza wako, mimi wangu."

Wakabembeleza wee, wapi! Mwisho wakavuta viti pembeni, wakawa wanawateta wale wanawake na kucheka chini kwa chini. Katika kuteta, mnene akajikuta ametaja mjukuu.

"Umeshamwona?"

"Picha tu."

"Ah, picha utaibebaje mgongoni, bwana?" Mwembamba akamsogelea. "Sikia. Tufungue pamoja, wewe lako, mimi langu. Nani atajua nani kaanza?"

Jua halijazama, wakatia saini. Wasuluhishi nao wakatia zao, kila mmoja kwenye pembe yake ya karatasi, hata kuangaliana hawaangaliani.

Mnene akatoka mbio kwenda darajani, uso wote meno. Mlangoni akamshika mpwa wangu bega. "Dereva, hao wanawake usiwaweke kiti kimoja. Watatoana macho."

Mpwa wangu akawafungulia milango mbalimbali, mmoja huku, mwingine kule. Gari likapita kona ya kwanza. Bi Kilemba akavua viatu, akajinyoosha.

"Wiki ijayo, kwa zile nchi nyingine, zamu yako kuanza ugomvi, shoga yangu," akasema, akamlalia Bi Miwani begani, usingizi ukamchukua.