Mara Moja au Kila Mwaka

Jumapili asubuhi, vikombe vya chai vikiwa bado mezani, Tunu na mumewe Hamdani walikaa kuchagua kalenda ya simu ambayo wote wawili wangeiona. Wazo lilikuwa la Tunu. Mwezi uliopita Hamdani hakutokea kwenye arobaini ya baba mkwe wake, akasema alisahau, na Tunu aliamua kuamini kwamba shida yao ni kusahau.

Walijaribu tatu. Ya kwanza ilikuwa Kiingereza kitupu, ya pili ilijaa matangazo. Ya tatu ilikuwa ya Kiswahili, tena nyepesi kutumia.

"Tuchukue hii, baba Shani?"

"Yoyote tu," alijibu Hamdani.

Tunu akaanza kwa kuandika siku ya ndoa yao, Alhamisi ijayo. Simu ikamuuliza: mara moja, au kila mwaka? Akatabasamu, akapeleka kidole kwenye kila mwaka.

"Weka mara moja," alisema Hamdani.

Alidhani ni utani. Lakini mumewe alikuwa ameinamia kikombe chake.

"Tangu mfungo natafuta namna ya kukwambia, mama Shani. Nimeshapata nyumba. Mwisho wa mwezi nahama."

Tunu aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Sasa asubuhi yote hii ulikuwa unanisaidia kuchagua nini?"

Swali la simu lilikuwa bado limesimama katikati ya kioo, na kidole cha Tunu juu yake, hakishuki wala hakiondoki.