Kundi la Wataalamu

Bibi kutoka Mpitimbi aliinamisha ndoo juu ya kaunta ya duka la dawa za mifugo, vifaranga wafu wakamwagika mbele ya mtaalamu wa mifugo aliyeitwa Ekaristia. Shingo zilikuwa zimepinda, na kinyesi cha kijani kimegandia manyoya.

“Ndio hawa uliowachanja, daktari. Kideri kimewamaliza.”

Ekaristia aliziba pua, akafungua simu. Habari zote za kazi yake alizipata kwenye kundi la WhatsApp la wataalamu wa mifugo. Akaanza kupandisha jumbe za nyuma: maua ya asubuhi njema, keki ya bethidei, michango ya harusi, mbuzi anayecheza muziki, sala, dawa ya nguvu za kiume, sala tena. Uchafu mtupu. Watu wazima na vyeti vyao, kutwa kumwagiana takataka!

Hatimaye akaiona taarifa ya wiki mbili nyuma, siku moja kabla hajaenda kuchanja Mpitimbi: “Chanjo ya kideri iliyoingia Songea wiki hii imeharibiwa na joto njiani. Msiitumie.”

“Washenzi!” akafoka. “Jambo zito hivi, halafu hakuna hata mmoja aliyelisoma?”

“Wanasemaje, mwanangu?” bibi aliuliza.

Ekaristia aliisogeza simu karibu na macho. Chini ya taarifa ile palikuwa na jibu moja tu, limetumwa dakika ileile, na jina lililokuwa juu yake ni lake mwenyewe.

“Amina,” alikuwa ameandika. “Ubarikiwe.”