Magunia ya Mchanga

Katikati ya kilima kirefu cha mji wa Duluth, kilichojaa theluji, lile gari la kifahari la mumewe lilianza kuyumbisha makalio, na Ardis akajua hawatafika juu.

Matairi ya theluji yalikuwa mapya, yamefungwa wiki hiyo hiyo. Lakini gari lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na huko nyuma lilikuwa jepesi. Gari la wagonjwa walilolipigia simu lilishakwama chini ya kilima. Pembeni ya Ardis, mumewe ameshika kifua, midomo imegeuka kijivu.

“Usikanyage mafuta hivyo, mama. Taratibu. Magunia ya mchanga kwenye buti yatalikandamiza.”

Ardis aliinua mguu kidogo. “Niliyatoa jana, mzee. Nikaweka begi lako la hospitali.”

“Umeyatoa?” Alicheka, maumivu yakakikata kicheko. “Miaka arobaini nakufundisha theluji!”

Gari likateleza kurudi nyuma shubiri moja, kisha nyingine. Hospitali ilikuwa pale juu, madirisha yake yanahesabika.

Akasikia mkanda unafunguliwa. Baridi ikaingia.

“Unakwenda wapi na moyo huo?”

“Mimi mzito kuliko yale magunia yote,” alisema, ameshikilia mlango. “Fungua buti, niingie.”

Ardis akabonyeza kitufe. Kwenye kioo, mfuniko wa buti ukainuka, akawa hamwoni tena.