Bega la Kushoto

Mwatumu alilishona gauni la kuigizia binti mfalme kwa pazia lake jeupe, lile alilokuja nalo siku ya harusi. Asubuhi hiyo akakata bamia, akazichovya kwenye rangi ya dhahabu na kuzigonga kitambaani, nyota baada ya nyota, hadi sketi ikameremeta.

"Mke wa mwenzangu kazini hajui kushona," mumewe Shaibu alikuwa amemwambia. "Mfanyie mtoto wao, utapata thawabu."

Sasa Shaibu amemleta mtoto mwenyewe kulijaribu. Ruzuna alipanda kwenye kigoda, shingo juu, rangi ya nyota bado mbichi. Mwatumu akapiga magoti, pini mdomoni. Gauni likakataa kukaa. Kila alipolipandisha, upande wa kushoto uliteleza.

"Simama wima, mama."

"Nimesimama, anti."

Kweli, alikuwa wima. Bega la kushoto ndilo lililolala.

Mwatumu alilijua bega lile. Hakuna shati la Shaibu aliloshona bila kutia kitambaa cha ziada pale, kama alivyofundishwa na mama mkwe: "Ndivyo tulivyo ukoo mzima, mwanangu."

Akaokota kipande kilichobaki aliposhona shati la mumewe, akakikunja, akakishikiza ndani ya gauni. Likakaa sawasawa.

Ruzuna akashuka mbio hadi mlangoni aliposimama Shaibu, naye kwa mazoea akamnyanyua, akamkumbatia.

Alipomweka chini, shati lake lilikuwa limejaa nyota.