Zamu ya Baridi

Sheria ilitaka kila nyumba ya Makete ipitishe kipupwe na mzinga chumbani, bila moto, kwani moshi uliwamaliza nyuki. Kundi la nyuki la Tulalumba lilikuwa dogo. Malkia wake alichelewa kuzaliwa. Asubuhi moja ya sakitu, Tulalumba na mumewe Ngajilo walichungulia kwenye kioo cha mzinga wakihofia kukuta mizoga. Kumbe nyuki walikuwa wamejikusanya kama ngumi kumzunguka malkia, wakitetemeka ili wampe joto. Wa pembeni walipopoa waliingia ndani, na wenzao wakatoka.

"Mungu wangu! Wanapokezana baridi," Ngajilo alinong'ona.

Tangu hapo walimlaza mtoto wao katikati, wakipokezana upande wa dirishani. Tulalumba alianza. Miguu ilikufa ganzi, lakini alisikiliza nyuki wakivuma, wala hakumwamsha mumewe.